Nafasi Katikati ya Casa Vella

Saa kumi na moja alfajiri, Lugo, mvua ya Februari.
Evaristo anaandika amri kwa vidole viwili,
kimoja cha kila mkono, kama kuku adonoaye:

    kusanya Freixo Outeiro Casa Vella

Mashamba matatu. Lori moja la maziwa.
Na programu yangu, mistari kumi na minne,
niliyoiandika kati ya chakula cha mchana na kahawa,
nikajisifu.

Programu haijui ng'ombe. Haijui zizi.
Hupokea kinachoandikwa baada ya jina lake, ikahesabu:
dola moja, Freixo;
dola mbili, Outeiro;
dola tatu, Casa;
dola nne, Vella.
Kwake nafasi ni wembe. Neno likivuta pumzi tu
limeshakuwa maneno mawili.

Karatasi ikatoka na mashamba manne.
Brais, dereva mgeni, wiki yake ya pili,
aliyapata mawili, akayasaka mawili
hadi ukungu ukamshinda.
Hakuna shamba liitwalo Casa. Hakuna liitwalo Vella.
Alirudi na tangi lenye nafasi ya lita mia tisa
(hiyo nayo nafasi).

Saa mbili simu ikalia. Dorinda.
Hakupiga kelele; heri angepiga.
"Ng'ombe kumi na wanane hawajui kusubiri," alisema,
"na tangi langu halina tumbo la pili.
Nimemwaga. Mtaro mzima mweupe.
Paka wa jirani wamealikana."

Nikamwambia Evaristo: jina lenye nafasi
lifunge kwa alama za mtajo, mwanzo na mwisho,
kama unavyofunga tita la kuni.
Akalifunga. Safari iliyofuata, karatasi ile ile:
Casa. Vella.
Bahati Brais sasa alijua njia.
Evaristo akanitazama. Mimi nikaitazama sakafu.

Kosa lilikuwa ndani, kwangu.
Yeye alilifikisha jina zima mlangoni,
nami mwenyeji nikalipokea, nikalikatia sebuleni.
Kumbe ndani nako zilitakiwa alama zile zile,
nyembamba kama kope,
kuizunguka dola na ile herufi yake iliyojikunja konokono,
isemayo: wote waliokuja, kila mmoja kama alivyokuja.
Ningeifunga nyota badala yake,
ingewapika wote chungu kimoja.

Alama mbili, basi. Maziwa lita mia tisa.

Jumamosi nikapanda kilima kwenda kuomba radhi.
Dorinda alikuwa akikwangua matope kwenye buti.
Akataka nimweleze, si pole tu, nimweleze.
Nikasema vile vinavyofuata amri tunaviita hoja.
"Hoja bila mabishano?" Akacheka mpaka akashika ukuta.
"Amador wangu angekufa mara ya pili."

Tukaketi kwenye benchi la mawe, yeye pembeni kabisa,
mimi pembe ya pili, kwa kuwa katikati
hapakukaliwa; sikuuliza.
Akaniuliza yeye: "Kwa hiyo mashine yenu,
ikiona pengo, hudhani vitu vimeachana?"
Nikasema ndiyo, mpaka iambiwe.
Akatikisa kichwa, akaupapasa ule uwazi wa jiwe
kama anayefuta vumbi. Vumbi halikuwapo;
mvua ilikuwa imeosha kila kitu tangu Jumanne.

Akanipa jibini nirudi nayo mjini.
Nilipofika, nikarudia programu yote,
nikaondoa hesabu ya dola moja moja,
nikaandika mzunguko: mchukue wa mbele, mhudumie,
mwache apite, anayefuata asogee.
Wawe watatu, wawe thelathini.
Na asipokuja hata mmoja, isinyamaze:
iulize, kwa adabu, "Twende wapi?"

Siku hizi Evaristo hufungia alama kila kitu,
hata Freixo, ambaye hana nafasi popote,
hata jina lake mwenyewe
kwenye chupa ya kahawa.